Bendi Iliyojiaga

Mimi naipenda nchi yangu ya Tulieni, na hilo liandikwe mwanzo kabisa. Nikisimulia yaliyotokea siku bendi yetu iliposafiri kwenda ng'ambo kwa mara ya kwanza, nasimulia kwa nia njema, ili wageni wajifunze jinsi nchi yenye utaratibu inavyoendesha mambo yake. Mahali mtakapocheka, jueni hamkuelewa, rudieni kusoma.

Kwanza muijue sheria. Sisi Watulieni hatuondoki ovyo ovyo. Kanuni za Kuaga, ibara ya pili, zinasema safari isiyoagwa si safari. Mtu anahesabika ameondoka pale tu anapokuwa ndani ya chombo, bendi ikiwa chini imempigia wimbo mpaka mwisho, na maofisa wa Wizara ya Kuaga na Kulaki wamempigia saluti. Bila hivyo, hata ukipaa ukaenda kuishi mwezini, daftari linasema upo nyumbani. Na msidhani jambo hili ni la wakubwa peke yao. Raia wa kawaida naye ana haki kamili ya kuagwa; anajaza fomu, kisha anasubiri zamu yake baada ya waheshimiwa. Mpaka leo zamu ya raia haijafika, lakini haki ipo.

Zamani kazi ya kuaga ilikuwa ya bendi ya jeshi. Bendi hiyo ilivunjwa siku ilipofanya mazoezi ya wimbo wa kuaga karibu na Ikulu, Mtukufu Mlezi wa Taifa akausikia, naye hakuwa na safari yoyote. Ndipo tukapewa sisi, Bendi ya Jamii ya Kata ya Majengo, raia kumi na mmoja tusio na silaha. Tuna tarumbeta tano, tromboni mbili, saksafoni mbili, matoazi na dramu kubwa. Matoazi ni mimi, Kombo. Kiongozi wetu ni Mzee Lwambano, mpiga tarumbeta, mtu ambaye akiambiwa kaa huuliza kwanza kama ni kwa ruhusa ya nani. Dramu kubwa ni ya Bi Sikudhani, mama wa miaka sitini na miwili, mwembamba, na ukimwona amevaa dramu ile kifuani unaona miguu tu na kilemba.

Wimbo ni mmoja, "Nenda Mheshimiwa". Unaisha kwa mapigo matatu ya dramu kubwa. Pigo la kwanza, pigo la pili, halafu kimya, ili msafiri apunge mkono kadiri roho yake inavyotaka. Kisha pigo la tatu, saluti zinashuka, na hapo mtu ameondoka. Kuna waziri aliwahi kupunga dakika kumi na saba, na hakuna ofisa aliyethubutu kujikuna. Kwa miaka thelathini na moja tumewaaga watu namna hiyo. Sisi wenyewe hatukuwahi kwenda popote.

Mwaliko ulitoka Lusamba, nchi ya mbali ambako kila mwaka hufanywa tamasha la bendi za mitaa. Walituma ndege yao wenyewe ituchukue asubuhi, ili jioni tuwe jukwaani.

Barua iliposomwa mbele yetu, sote tulishangilia isipokuwa Bi Sikudhani. Yeye alikaa chini, pale pale kwenye sakafu ya ukumbi wa kata.

Binti yake, Asumini, yuko Lusamba. Ni muuguzi huko, na ana miaka kumi na minne hajarudi. Siku alipoondoka, mama yake alikuwa uwanjani hapo hapo, kazini, anamuaga Naibu Waziri wa Mabwawa. Ndege zilikuwa mbili. Asumini alipanda ile ya pili, akasimama juu ya ngazi, akampungia mama yake. Bi Sikudhani hakuweza kumpungia, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa ya Naibu Waziri.

Kwa kuwa Asumini hakuagwa, kisheria hakuondoka. Kila mwezi serikali ya mtaa humletea barua ya kumwita kwenye usafi wa mitaro. Amepiga kura mara tatu, na mara zote alichagua vizuri. Alipokwenda ubalozini kwetu kuomba kibali cha kurudi, walimjibu kwa upole mkubwa kwamba mtu hawezi kuomba kurudi mahali alipo. Mama yake naye amekwenda wizarani miaka kumi na minne, kila mwezi, kuomba waandike tu kwamba binti yake aliondoka. Wanamwambia alete ushahidi kwamba alipigiwa dramu. Bi Sikudhani ndiye mpiga dramu, na anajua vizuri kuliko wote kwamba hakumpigia.

Basi safari hii kwetu ilikuwa matembezi. Kwake yeye ilikuwa njia pekee iliyobaki ya kumwona mwanawe.

*

Tulifika uwanjani alfajiri, ingawa ndege ilikuwa ya saa tatu, maana nyumbani hapakukalika. Mzee Lwambano alituhesabu mara sita. Mara mbili alipata kumi, kwa kuwa alijisahau. Bi Sikudhani alikuwa akienda chooni na kurudi, akienda na kurudi, na kila akirudi anauliza saa.

Tukapanda. Viti vilikuwa na mikanda. Tukajifunga, tukajifungua kuona kama inafunguka, tukajifunga tena. Dramu ilipewa kiti chake na mkanda wake. Mhudumu wa ndege alianza kutuonyesha milango ya dharura, na rubani akawasha injini.

Hapa sina budi kueleza jambo. Kwa miaka thelathini na moja, injini ya ndege ikinguruma, sisi tunajua ni amri moja: jipangeni. Kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimeshajifungua mkanda, nimeshika matoazi, nashuka ngazi mbio nyuma ya tromboni. Tulipozinduka, tulikuwa tumejipanga kando ya zulia jekundu, vifua mbele, na Bi Sikudhani ameinua kirungu cha dramu. Ndani alibaki yule mhudumu, bado ananyoosha mikono kuelekeza milango.

Mkurugenzi wa Kuaga, Dakta Gervas Mkumbwa, alikuwa amesimama hapo na maofisa wake kumi na wawili. Machozi yalimlengalenga.

"Hii ndiyo nidhamu," alisema. "Hata hawakuambiwa!"

Halafu akaitazama ndege, akatutazama sisi, akaitazama ndege tena.

"Sasa anayeondoka ni nani?"

"Ni sisi, mheshimiwa," alijibu Mzee Lwambano.

"Na wanaoaga?"

"Ni sisi, mheshimiwa."

Kitabu cha Kanuni kikaletwa. Maofisa wakainama juu yake, vichwa kumi na vitatu. Rubani alizima injini, akashuka kuuliza kuna nini. Alikuwa Mlusamba, mtu wa nchi ambayo watu wanapanda ndege na kwenda zao. Alikuwa na saa mkononi na tabia mbaya ya kuitazama. Alisema ruhusa yake ya kupaa inaisha saa sita kamili mchana. Ikifika hapo ataondoka, awe na watu au asiwe nao.

Mkurugenzi hakumjibu, kwa sababu alikuwa ameanza hotuba.

"Ndugu wanabendi! Safari ni kuondoka. Kuondoka ni kutokuwapo. Na kutokuwapo, ndugu zangu, ni jambo zito ambalo haliwezi kuachiwa mtu binafsi! Serikali ya Mtukufu Mlezi inataka kila asiyekuwapo asiwepo kwa idhini!"

Tukapiga makofi. Bi Sikudhani alipiga moja tu, akauliza saa. Ilikuwa saa nne kasorobo.

*

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa busara. Tarumbeta tano wapande, sisi sita tuwaage. Kisha wao washuke, watuage sisi; dramu itapigwa na nani wakati huo, hakuna aliyeuliza.

Tarumbeta wakapanda. Tukawapigia wimbo wote bila wao, na wimbo ule bila tarumbeta unasikika mwembamba, lakini mapigo matatu yalilia sawasawa, saluti zikashuka, daftari likaandikwa. Watu watano walikuwa wameondoka. Mzee Lwambano alitupungia kutoka dirishani, uso wake umejaa huzuni ya kweli, kama aliyekwisha kufika mbali.

Kisha wakashuka ili watuage sisi. Hapo ndipo mlango wa pili wa jengo ulipofunguka kwa kishindo.

Mkurugenzi wa Kulaki alitoka mbio, mama mnene mwenye furaha, nyuma yake watu wawili wakikunjua zulia jingine. Alikuwa amekaa miezi mitatu bila kazi, maana waheshimiwa wetu wakienda hukawia. Sasa aliona Watulieni watano walioondoka wakishuka kwenye ndege, na kwa Kanuni hao wamerejea, na aliyerejea ni wa kwake.

"Karibuni nyumbani!" alilia. "Poleni na safari! Huko mlikotoka hali ikoje?"

Mzee Lwambano hakuwahi kuacha swali la serikali bila jibu. "Huko ndani kuna joto kidogo, mheshimiwa," alisema. "Lakini wenyeji ni wakarimu."

Maneno hayo yakaandikwa kama taarifa ya ziara. Wakavishwa mashada ya maua. Wakakalishwa kivulini. Mkurugenzi wa Kulaki akasoma hotuba kurasa tisa kuhusu jinsi nchi ilivyobadilika walipokuwa hawapo. Alisema barabara nyingi zimejengwa, na wale watano wakatikisa vichwa kwa mshangao. Bendi ilitakiwa ipige wimbo wa kulaki, kwa hiyo tukapiga sisi sita tuliobaki, jua likituchoma utosini. Rubani alikuwa anazunguka ndege yake. Alizunguka mara nyingi mpaka nikaacha kuhesabu.

Mwishowe daftari la Kulaki likaandikwa: watano wamerejea salama. Likalinganishwa na daftari la Kuaga. Walioondoka watano, waliorejea watano, wasiokuwapo hakuna. Tukawa pale pale tulipoanzia, na ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

Bi Sikudhani alinivuta shati. "Kombo," aliniambia, "atakuwa ameshafika uwanjani kule. Namjua. Huyu mtoto hufika mapema."

*

Dakta Mkumbwa alifunga kitabu, akafumba macho, na alipoyafumbua alikuwa amepata wazo. Nchi yetu ina bahati ya kuwa na watu wanaopata mawazo wakiwa wamefumba macho.

"Wimbo utapigwa mkipanda mmoja mmoja. Kila anayeingia ananyamaza. Wa mwisho chini atakuwa dramu, maana mapigo matatu ni yake. Watu kumi wataagwa kihalali kabisa."

"Na mimi?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Wewe, mama, ndiye utakayekuwa umewaaga. Taifa halitakusahau."

Akavua nishani kwenye koti la ofisa aliyekuwa karibu, akambandika kifuani, akamtangaza kuwa Muagaji Mkuu wa Kudumu. Maofisa wakapiga makofi, hata yule aliyevuliwa.

"Mheshimiwa, mwanangu ananingoja Lusamba."

"Mwanao yupi?"

"Asumini."

Mkurugenzi alifungua daftari, akapitisha kidole. Kisha akamtazama kwa huruma, na mimi naamini huruma ile ilikuwa ya kweli. "Asumini yupo Majengo, mama. Mbona unataka kumfuata mbali namna hiyo?"

Mzee Lwambano alisogea mbele, akavua kofia, akasema yeye yuko tayari kubaki apige dramu, mama aende. Sikuwahi kumwona akisema jambo bila kuulizwa. Kitabu kikafunguliwa tena: ibara ya tisa, dramu hupigwa na aliyesajiliwa. Mzee Lwambano akavaa kofia yake.

Na mimi je? Mimi nilitaka kusema kitu. Nilikohoa. Nilipomaliza kukohoa walikuwa wameshatupanga. Nina aibu na kikohozi kile mpaka leo.

Wimbo ukaanza. Maofisa kumi na wawili na wakurugenzi wawili wakapiga saluti. Tarumbeta wakapanda wakipiga, mmoja mmoja akanyamazia mlangoni. Tromboni wakapanda. Saksafoni wakapanda. Nikabaki mimi na Bi Sikudhani. Nilipoweka mguu kwenye ngazi sikuthubutu kumtazama. Nikagonga matoazi yangu mara ya mwisho, nikaingia, nikasimama mlangoni.

Pigo la kwanza. Pigo la pili.

Kikafuata kile kimya cha kupunga mkono. Hakuna aliyepunga. Tulikuwa tumemkodolea macho kupitia vidirisha, na yeye amesimama peke yake kwenye zulia, kirungu juu.

Akakishusha taratibu, akakichomeka mkandani. Akaikumbatia dramu yake, akageuka, akaanza kupanda ngazi.

Maofisa hawakusogea, na wangesogeaje? Kimya ni sehemu ya wimbo. Wao walikuwa wanamngojea apige, na yeye alikuwa anapanda, ngazi moja baada ya nyingine, dramu mbele, akihema. Nilinyoosha mkono nikaivuta dramu ndani. Yeye akaingia nyuma yake. Mhudumu alimtazama, akautazama uwanja, akafunga mlango. Injini zikanguruma, na safari hii hakuna aliyesimama.

*

Tulikuwa tumefika mwisho wa njia ya kurukia, saa sita kasoro dakika nne, rubani alipofungua mlango wake akasema kuna mtu kwenye redio anamtaka mama wa dramu. Sauti ya Dakta Mkumbwa ilijaa ndege nzima.

"Bi Sikudhani! Kuna pigo moja limebaki!"

"Najua, mheshimiwa. Ninalo hapa."

"Lipige, mama! Nitalisikia kwa redio na nitalikubali. Mikono inakufa ganzi!"

"Kwanza andika kwenye daftari: Asumini Mbaruku aliondoka miaka kumi na minne iliyopita."

"Nitaandika, haki ya Mungu. Wewe piga kwanza."

"Andika kwanza."

"Nitaandikaje, mama? Mkono wa kulia nimepigia saluti! Haushuki mpaka upige!"

"Na wa kushoto?"

"Umeshika redio. Tena daftari la Serikali haliandikwi kwa kushoto, ibara ya kumi na nne."

"Basi mwambie mwenzako aandike."

"Wote wamepiga saluti, mama! Wizara nzima!"

Nilichungulia dirishani. Ilikuwa kweli. Kwa mbali niliwaona wote kumi na wanne, safu moja iliyonyooka, viganja kwenye paji la uso, na yale mazulia mawili yakipepea miguuni mwao. Sitasema uongo, niliogopa. Nilimshika Bi Sikudhani bega nikamsihi apige. Nilimwambia nina mke kule, nina nyumba nusu haijaezekwa, na tusipoagwa hatutarudi, tutakuwa Asumini kumi na mmoja. Bi Sikudhani alimtazama Mzee Lwambano, kwa sababu yeye ndiye kiongozi wa bendi.

Mzee Lwambano aligeuka kushoto na kulia. Miaka yote niliyomjua, nilikuwa sijamwona akikosa wa kumwomba ruhusa.

"Fungeni mikanda," alisema.

Mkurugenzi alikuwa amebadilisha sauti. Sasa aliongea polepole, kisheria. "Bi Sikudhani, fikiri vizuri. Usipopiga, hamjaondoka. Daftari litasema mpo hapa. Wewe mwenyewe utakuwa upo hapa."

"Nipo hapo?"

"Upo hapa, mama. Mbele yangu."

"Basi kama nipo mbele yako, haraka ya nini? Ningoje."

Akamwashiria rubani azime redio. Ndege ikakimbia, ikanyanyuka, matumbo yetu yakabaki chini kidogo kisha yakatufuata. Mtu mmoja huko nyuma alianza kulia, mwingine akaanza kucheka, na sikujua yupi ni yupi. Mimi nilikuwa nimeshika mikono ya kiti kwa nguvu zote, nikifikiria paa langu.

Bi Sikudhani hakutazama dirishani hata mara moja. Alifungua nishani kifuani akaiweka kwenye mfuko wa kiti, pamoja na karatasi za maelekezo. Aliuliza saa. Baada ya dakika mbili aliuliza tena. Kisha akanigeukia, macho yamejaa maji, mikono yote miwili kichwani, akaniomba nimwangalie kama kilemba kimekaa sawa, maana hajui mtoto atamtambuaje.